Kitambaa Juu ya Seva

Nani ameivika seva mpya kitambaa? Hamna haya. Ile ya kwanza hatujamaliza kuililia, na hii nayo mnaivika sanda siku ya kuzinduliwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mfawidhi wetu Ndugu Ferdinand, wajumbe wa kamati, wauguzi, nanyi wagonjwa mliotembea tangu alfajiri: walioniamkia shikamoo, marahaba, ambao hawakuniamkia, nimewaona. Mimi ni Rozalia, mfagizi wa kituo hiki cha afya, mwaka wa kumi na tisa huu. Darasa la pili sikulimaliza, lakini chumba cha mashine nakijua kuliko wengi mliokaa viti vya mbele.

Leo tunamuaga fundi wetu Protasi. Barua ya uhamisho inasema seva iliungua kwa uzembe wake, na kumbukumbu za wagonjwa za miaka sita zikapotea nayo. Uzembe? Wa mtu aliyeifunga mashine ile kwenye kabati lake la chuma, akainyanyua mbali na sakafu kwa sababu ya maji ya masika, akachora alama ya kila waya kwenye plasta ya kidonda ili hata mimi nijue upi ni upi? Aliyeipuliza vumbi kila Jumamosi, ninyi mkiwa mnadani? Aliyeomba mara tatu nakala ya kumbukumbu itunzwe kwenye diski nyingine, nje ya chumba kile, na barua zake zikalala kwenye droo ya Ndugu Ferdinand? Usiniangalie hivyo, Ferdinand mwanangu. Barua hizo mimi ndiye niliyekuletea.

Wageni wa mkoa walipokuja, mkamtuma Protasi mjini Ngara akalete viti, mkataka mashine ipendeze kama redio ya sebuleni. Nikaleta kitambaa changu, nilichokifuma miezi minne kwa ajili ya sendofu, ya kumuaga mjukuu wangu Happyness anayeolewa. Nikaifunika mbele na nyuma. Mkapiga makofi, mkafunga mlango kwa ufunguo. Ikaanza kulia, pii, pii. Mkasema inashangilia wageni.

Sasa sikilizeni lililonikaa kooni. Protasi alishanionya, tena mwezi wake wa kwanza hapa.

"Bibi, usiifunike hata kwa kitenge. Inavuta hewa mbele, inatoa joto nyuma. Ukiiziba, inakufa."

Nilijua. Lakini kitambaa changu kilisifiwa, nami nikanyamaza. Alipoulizwa nani aliyeifunika, aliniangalia, akasema hajui.

Na mavuno ya kunyamaza huko? Mzee Nshoma wa Kibimba, ambaye kiharusi kimemfunga ulimi, anaulizwa alikuwa akinywa dawa gani. Mashine ile ndiyo iliyokuwa ikimsemea. Jana alilia mpaka nikaweka ufagio chini.

Protasi, uhamisho wako sina uwezo nao. Msamaha nitakuja kuuomba nyumbani kwako, si kwenye kipaza sauti. Nanyi mlionisikiliza, nawashukuru. Na ambao hamkutaka, mmesikia pia.

Muuguzi Francisca, kitoe hicho kitambaa sasa hivi. Ndugu Ferdinand, shika kalamu. Futa neno uzembe kwenye barua ya uhamisho, andika nani aliyeifunika na nani aliyezilaza zile barua, kisha usome kwa sauti, maana mimi kusoma sijui. Utepe haukatwi kabla sijasikia.