Pak Wignyo, Mtangulizi wa Maharusi

Jumamosi hii, tarehe 30 Juni, Pak Wignyo Sukarsa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika Ukumbi wa Sekar Wening, hapa mjini Solo, Indonesia. Kazi yake ilikuwa moja: kuwatangulia maharusi. Wao wakiingia, yeye yuko mbele, kilemba kimekaa sawasawa, anacheza taratibu hadi jukwaani akiwafungulia njia.

Wageni wa kazi hii hudhani kutangulia ni kuwahi. Pak Wignyo hakulikubali hilo hata siku moja. "Anayewahi ni yule anayeogopa supu itaisha," alitufunza. "Mtangulizi ni mtu mwenye wa kumfuata. Asipofuatwa, huyo amepotea njia kwa madaha." Na mtangulizi hageuki nyuma. Akigeuka, amewatilia shaka maharusi.

Msimamo huo ulimponza mara moja. Nguo ya bibi harusi ilinaswa mlangoni, muziki wetu wa gamelan, wa ngoma na gongo, ukaendelea kulia, naye Pak Wignyo akaenda zake. Wapishi wawili waliobeba friji walikosa pa kupita, wakamfuata. Mimi nilikuwa kwenye ngoma, nikapiga mpaka mwisho, ningefanyaje? Friji ikapandishwa jukwaani kwa heshima zote. Wageni walikwishapanga foleni ya kutoa mikono ya pongezi, na mzee mmoja aliiombea watoto wema. Pak Wignyo hakuomba radhi. "Si nilifuatwa?" alisema.

Hata mtaani hutembea mbele. Mkewe, Bu Tumirah, husema sura ya mumewe anaijua ya mezani tu. Ya barabarani ni kisogo.

Sasa, kwa desturi yetu mstaafu naye huingia ametanguliwa, na mtangulizi tuliye naye ni huyo huyo. Meneja wetu, Bu Retnaning, akashauri ajitangulie mwenyewe. Wiki iliyopita tulijaribu. Aliingia akicheza, akafika jukwaani, akasogea pembeni kumpisha mstaafu, akangoja. Nasi tulingoja, tena kwa muda usiowafaa watu wazima. Mwishowe akageuka nyuma, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumwona akilifanya. "Hakuna mtu," alisema. Akaomba aondoke kimya kimya kwa mlango wa jikoni. Niliumia moyo.

Bu Tumirah, aliyekuwa amemletea chakula, akaweka kikapu chini.

"Nitamtangulia mimi. Miaka yote natazama kisogo chako, Baba Endah. Jumamosi na wewe utazame changu."

"Utageuka kuangalia kama nipo."

"Sigeuki ng'o! Magoti yako yakilia, nitajua unakuja."

Basi Jumamosi tusimame wote mlango ukifunguliwa. Ngoma nitaipiga polepole, ili magoti yasikike. Asante, Pak Wignyo, kwa kila jozi uliyoifikisha salama, friji ikiwemo. Tunakuombea uzee mtamu na safari ndefu, na tafadhali, usimpite mkeo njiani.