Bwana Zoubeir na Kinyonga Mwenye Jina Lake

Leo, Ijumaa tarehe 30 Juni 1967, Bwana Zoubeir Saindou anatua mzigo baada ya miaka ishirini na tisa ya kukamata, kulisha na kukimbiza wanyama wa Kituo chetu cha utafiti. Alianza kisiwani Nosy Be mwaka 1938, akahamia nasi Mahajanga, huku huku Madagaska, mwaka 1962, na katika muda wote huo hajawahi kuchelewa kazini wala kunyamaza. Ameomba wasifu wake usomwe kwa Kiswahili, lugha ya marehemu bibi yake, ingawa nusu ya watu ukumbini itabidi watafsiriwe. Haya, tumekubali. Mzee akishataka jambo, kubishana naye ni kupoteza mate.

Kule Hell-Ville, mji mkuu wa Nosy Be, aliajiriwa kama mtunza bustani. Alipandishwa cheo mapema sana, kwa sababu moja tu: hakuna mwingine aliyekubali kumgusa kinyonga. Pwani hii kinyonga ana sifa mbaya. Wapo wanaoogopa hata kivuli chake kisiwaangukie. Zoubeir alimweka begani na kwenda naye sokoni, na watu wote wakawapisha njia. Mpaka leo anaamini kwamba walikuwa wakimpisha yeye.

Mwaka wa uhuru, 1960, alitumwa Ankify, kule bara zinakotoka boti za Nosy Be, akarudi amekumbatia kikapu. Boti ilipokaribia gati, kifuniko kikafunguka. Kinyonga akatoka taratibu, akapanda mkono wa mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya maua ya langilangi, akatulia juu ya kofia yake. Abiria wote walihamia upande mmoja, boti ikalala ubavu, na Zoubeir akabaki upande wa pili peke yake, akiwasihi wasimtishe mnyama. Baadhi yao walimaliza safari kwa kuogelea. Mfanyabiashara yule hajatusamehe, na kofia yake hajaivaa tena.

Lakini kinyonga mwenyewe! Madume tuliowazoea Nosy Be walikuwa wa kijani cha kuelekea buluu, mwili mzima. Huyu wa Ankify alikuwa na michirizi myekundu ubavuni, kama kanga mpya. Zoubeir akatangaza kwamba amegundua spishi mpya, yaani aina ya kiumbe ambayo elimu ilikuwa haijaitambua, na kwamba spishi hiyo itabeba jina lake. Aliwatangazia wafanyakazi, akawatangazia wauza samaki, akamtangazia hata imamu, aliyemjibu kwamba Mungu alikuwa anamjua kinyonga huyo siku nyingi.

Tulimcheka, naam, na mimi karani wenu nilicheka kuliko wote. Kisha siku moja mkewe, Bi Chamsia, akaniambia jambo lililonikomesha kucheka. Wao wawili hawakujaaliwa mtoto. Zoubeir ni mwana wa pekee wa mwana wa pekee, na akifa jina lake linakwenda naye kaburini. Ndiyo maana alimtaka kinyonga yule. Alitaka pawe na kitu hai kitakachoitwa Zoubeir baada yake.

Mkuu wetu wa sasa, Daktari Allaoui, alipofika kutoka masomoni alimtazama kinyonga, akapendezwa, akaandaa hata maelezo ya kitaalamu yenye jina la Zoubeir ndani yake. Ila hakuyapeleka kuchapishwa. Alituita sote, akatueleza kwamba zamani wataalamu waligawa spishi kwa sura: rangi hii huku, pembe ile kule, basi. Siku hizi wengi wao hawaridhiki na sura. Wanauliza, je, hawa wakikutana wanazaana? Na watoto wao, nao wanazaa? Punda na farasi huzaa nyumbu, lakini nyumbu haendelezi ukoo, kwa hiyo punda atabaki punda na farasi atabaki farasi. Wakizaana na uzao ukaendelea, hao ni spishi moja hata kama mmoja ni mwekundu na mwingine kijani. Nikaona kipimo hicho kina akili. Kwa kipimo cha rangi, ukoo wa mume wangu peke yake ungekuwa spishi nne.

Amri ikawa wazi kwa kila mtu. Dume wa Ankify aozwe jike wa Nosy Be. Wakizaa, na watoto wao wakizaa, jina la Zoubeir litafutwa. Wakishindwa, jina litabaki. Na nani alikabidhiwa kazi ya kuwaoza? Zoubeir mwenyewe, kwa maana bado hakukuwa na mtu mwingine aliyekubali kuwagusa vinyonga.

Tulipohamia hapa Amborovy, Mahajanga, alijenga vizimba viwili vizuri, kila kimoja na mti wake. Akamchukua jike na kumpeleka kwa dume. Jike alipogusa tawi la kizimba kile aligeuka mweusi, akaachama mdomo, akamzomea bwana harusi mpaka huyo akaangusha nzi aliyekuwa mdomoni mwake. Alipelekwa jike wa pili, ikawa yale yale. Miaka miwili mizima! Zoubeir alipita koridoni akipiga mluzi. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha: hawaoani, hawazaani, spishi mbili, mlete wino.

Hapo ndipo Bi Chamsia alipokuja kuleta chakula cha mchana na kumkuta mumewe amembeba jike mwingine kwenda kuzomea. Aliweka sufuria chini. Alimuuliza mumewe amelelewa na nani. Tangu lini mwanamke akachukuliwa kwao, akasukumwa ndani ya nyumba ya mwanamume? Kwetu sisi Wangazidja wa Komoro nyumba ni ya mke, na mume ndiye anayehamia. Zoubeir mwenyewe aliingia nyumbani kwa Bi Chamsia na kasha moja la nguo na mto, na mpaka leo akikohoa vibaya hukumbushwa kasha lilipo. Kwa hiyo, alisema Bi Chamsia, kama yeye angekuwa yule jike, asingezomea tu, angeng'ata.

Daktari Allaoui alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaagiza dume ahamishwe, aende yeye kwa jike. Jike alimwangalia kwa jicho moja, jicho la pili likiendelea na shughuli zake, na rangi yake haikubadilika. Baada ya siku chache alikuwa anachimba mchanga kutaga mayai. Bi Chamsia alipoletewa habari hakushangaa hata kidogo. Mumewe ndiye aliyekosa hamu ya kula.

Msidhani alikubali kirahisi. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na Zoubeir aliivuta kwa nguvu zote. Alisema ndoa ya kizimbani haihesabiki, kwa kuwa wawili wale wamefungiwa na hawana wa kumchagua. Alisema kati ya Nosy Be na Ankify kuna bahari, na kinyonga hana nauli. La ajabu ni kwamba Daktari alimpa haki yake: wataalamu wenyewe, alisema, wanabishana juu ya hoja hizo hizo na hawajamaliza. Ndiyo sababu ikabidi tungoje wajukuu. Watoto walipoanguliwa wazima, na walipokua nao wakaozwa na kutaga, jina la Zoubeir likabaki limening'inia juu ya sanduku moja la mchanga lenye mayai.

Mwaka jana Daktari alisafiri kwa miezi mingi, sanduku likabaki mikononi mwa Zoubeir. Mchanga ule ulitakiwa uwe na unyevu daima. Jua la Mahajanga mnalijua. Asahau kuumwagia maji mara chache tu, mayai yakauke, na nani angemlaumu mzee? Kila yai lililokauka lingemtetea. Meza yangu inatazama banda lile, na nakiri nilikuwa nachungulia. Kila asubuhi alikuja na birika, akamimina taratibu, akapima mchanga kwa kidole, akaondoka bila kupiga mluzi. Joto lilipozidi alilifunika sanduku kwa kanzu yake na kufanya kazi na fulana.

Wakaanguliwa mwezi wa Agosti. Aliingia ofisini ameshika kofia kwa mikono miwili, na ndani ya kofia kulikuwa na vinyonga wachanga wasiozidi kidole cha mtoto. Akaniambia nimwandikie Daktari simu ya maandishi. Maneno yake ninayo kichwani: wajukuu wamezaliwa, wote wazima, futa jina langu. Nikamwambia angoje, Daktari anarudi karibuni, haraka ya nini. Akasema hapana, andika, Sittou, nisije nikabadili mawazo. Akaiweka kofia juu ya meza yangu, akangoja niandike. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Jioni ile Bi Chamsia alipika wali wa nazi kwa mtaa mzima, kwa heshima ya wajukuu. Majirani walikuja, wakala, wakapongeza. Wajukuu walipoletwa kusalimia, majirani walikumbuka shughuli nyingine.

Mzee Zoubeir, mimi sipo ukumbini unaposomewa haya. Jumatatu nilijifungua mtoto wa kiume, sijaruhusiwa kutoka. Keshokutwa Jumapili ni siku yake ya saba, siku ya kupewa jina. Mume wangu alikuwa na majina yake matatu, nikamsikiliza kwa adabu, nikakataa yote. Mtoto ataitwa Zoubeir.

Asante kwa miaka yote, Mzee wetu, na kwa lile birika la kila asubuhi. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana na majirani wasio waoga. Njoo Jumapili na Bi Chamsia, mapema, wajina wako anakungoja. Vinyonga waache nyumbani.

Sittou, karani wa Kituo, Mahajanga