Mlio Niliouita Mwenyewe

Assalaam alaykum, jamaa zangu. Kabla sijaanza, namwomba dada aliyekaa karibu na mlango aushike kidogo, usije ukajifunga kwa kishindo. Nshapona, alhamdulillahi, lakini kupona kwangu bado kunapenda kupewa taarifa mapema.

Mnacheka. Chekeni. Humu ndani ndimo pekee ninamoweza kulisema hilo na mtu asinionee huruma, maana sote tulioko hapa moto ushatupitia.

Wengi mnanijua kwa mgahawa wangu wa Hamriya. Chapati, mbaazi za nazi, vitumbua vya asubuhi. Nilikuwa na msaidizi, mwanamke wa Tanga aliyevuka bahari kuja huku kutafuta kazi, mkristo, mchapakazi khasa. Asubuhi moja mtungi wa gesi ulikuwa unavuja na sisi hatujui. Mafua yalikuwa yameniziba pua, naye alikuwa uani anaosha masufuria. Nikawasha jiko.

Sikuuona moto mwanzo. Nilichokijua ni mlio. Nilihisi kama ukuta mzima umenipiga kifuani. Kisha nikamsikia yule wa Tanga anaita, "Mama! Mama!", akaingia akanikamata kwa buibui na kuniburura hadi barabarani. Nywele zake za mbele ziliungua. Mimi niliungua mikono yote miwili na shingo upande huu.

Ya hospitali siwaelezi, mnayajua. Kupandikizwa ngozi, kubadilishwa bandeji, kuwashwa na usiruhusiwe kujikuna. Ngozi ikashika. Wakaniambia nimepona, nikarudi nyumbani kwangu Ansab.

Nyumbani ndiko nilikojua kuwa mlio ule haujaniacha. Mwanangu wa kike alifunga mlango wa gari, nikajikuta nimelala chini ya meza. Presha kuka ikipiga filimbi, naingia chooni najifungia. Sinia likianguka, mchana wote umeharibika. Wanangu, Mungu awabariki, wakaanza kuondoa vitu. Presha kuka ikaondoka. Milango ikatiwa sponji. Wajukuu wa jirani wakakatazwa mpira uani. Nikawa naishi katika nyumba iliyotulia kama kaburi, na kila walipokiondoa kitu, nami nilizidi kupungua.

Mgahawa nikaufunga. Yule wa Tanga nikamtafutia kazi kwa watu, akaenda analia.

Basi, katika hali hiyo mwanangu wa kiume akachumbia. Msichana mzuri, watu wake wa bara ya huku huku, kule milimani. Na ninyi mnajua harusi za kule. Wanaume hupanga mistari, ngoma zinapigwa, panga zinarushwa, na bunduki hulia kumpokea bwana harusi na watu wake. Mama wa bwana harusi anaingia pale kichwa juu. Mwanangu akanijia siku moja, akakaa miguuni kwangu, akaniambia ameshawaomba wakwe zake wasipige hata moja. Wamekubali kwa heshima, hawakunung'unika.

Ndugu zangu, nawaambia, hiyo ndiyo siku iliyoniuma kuliko kuungua. Harusi ya mwanangu wa kiume wa pekee iwe kimya kwa sababu yangu!

Wiki hiyo hiyo ikaja khabari ya bastola.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa shabaha. Aliacha bastola moja ndani ya sefu, kwa leseni ya jina lake. Alipofariki, ofisi ya polisi ikaichukua kuihifadhi mpaka warithi tuamue: mmoja wetu aikatie leseni kwa jina lake, au tuisalimishe moja kwa moja. Nilikwenda na shemeji yangu, ndugu wa marehemu, mtu mpole. Askari, kijana mwenye adabu aliyeniita khalti, yaani mama mdogo, akaiweka juu ya meza.

Si kubwa. Ni rivolva, ile bastola yenye kigurudumu kinachobeba risasi, yake tano tu. Mtutu mfupi kama kidole changu hiki. Ukiitia mkononi kidole cha mwisho hakipati pa kushika, kinabaki hewani. Lakini risasi zake nene, nene khasa, na hapo ndipo penye shughuli. Bunduki nzito hulimeza teke lake yenyewe. Kidude kidogo kama kile, chepesi, chenye risasi ya namna ile, teke lote hukupa wewe. Na mlio wake! Marehemu mwenyewe akiipiga hufumba jicho. Enzi za ujana wetu alinifundisha kulenga kwa bastola ndogo, tena nilikuwa nikimshinda siku nyingine, lakini ile sikupata kuigusa.

Shemeji akasema taratibu, "Tuisalimishe, shemeji. Wewe na kishindo, tena?"

Alisema kwa mapenzi. Nami nikaona sponji nyingine inatiwa kwenye mlango. Nikamwambia askari, "Iandike kwa jina langu."

Shemeji alinitazama kama nimechanganyikiwa. Sikumlaumu. Leseni haikuja vivi hivi. Palikuwa na maswali, uchunguzi, na sharti la kwenda kwa mwalimu nithibitishe naimudu. Nikamwendea pia daktari wangu wa mambo ya nafsi. Hakufurahi. Aliniuliza mara mbili kama nina fikra za kujidhuru, nikamwapia kuwa sina, na ni kweli sikuwa nazo. Mwisho akakubali kwa masharti: silaha ikae kwenye kasha la uwanja wa shabaha, isilale nyumbani, nisiishike nikiwa peke yangu, na nisiruke hatua hata moja.

Mwalimu wangu alikuwa mwanamke wa Kibaluchi, mfupi, hana maneno mengi. Hatua ya kwanza aliyonipa ilikuwa kukaa ndani ya gari nje ya uwanja, vioo juu, nisikilize wengine wakipiga. Nilitapika kwenye mfuko. Siku nyingine nikaja tena. Nikateremsha kioo. Baadaye nikakaa kwenye benchi karibu na ukuta, masikio nimeyaziba, shemeji yangu pembeni anavuta tasbihi kama tuko msibani. Yule yule aliyesema tuisalimishe ndiye aliyekuwa akinipeleka, na wala hakunikumbusha neno lake.

Nikaingia ndani. Nikapiga kwanza bastola ya mafunzo, yenye risasi ndogo. Nililia, lakini nilipiga. Nikaendelea nayo mpaka machozi yakachoka yenyewe.

Ndipo ikaletwa ya marehemu.

Mwalimu akatia risasi moja tu, ya baruti hafifu. Nikaishika kwa mikono miwili. Ngozi ya kifundo, hii iliyopandikizwa, ikavutika. Nikalenga, nikaanza kukivuta kifyatulio, na kile cha rivolva ni kizito, unakivuta na kukivuta na hujui kitaachia lini. Huko kutojua ndiko kulikonimaliza. Nilikuwa nimerudi Hamriya, mkono juu ya jiko. Ikalia. Mtutu ukaruka juu, harufu ikanijaa puani. Niliiweka mezani kama nilivyofundishwa, mdomo wake ukitazama mbele, kisha nikatoka nje nikakaa chini kwenye changarawe, jua linachoma, nikamwambia shemeji anirudishe nyumbani, basi tena.

Mwalimu akatufuata. Akachuchumaa mbele yangu. Alisema kwa Kiarabu, nami nawatafsiria:

"Wewe unaungoja mlio. Usiungoje. Uite."

Sikumwelewa. Akaniuliza jikoni kule nani aliupiga mlio. Nikamwambia hakuna, ulikuja tu. Akaniuliza, na huu wa leo?

Nikakitazama kidole changu kilichovuta.

"Huu hauna miguu," akasema. "Usipovuta wewe, hauji mpaka kiama."

Jamaa zangu, nilikuwa nimesikia maneno mengi mazuri kutoka kwa watu waliosoma, na yote yalinisaidia, siyakatai. Lakini hilo liliniingia mwilini. Tangu siku ya mtungi, kila mlio duniani ulikuwa unanijia mimi. Nami nimejikunja naungoja. Hapa palikuwa na mlio mkubwa kuliko yote, umekaa mezani, unaningoja mimi.

Nikanyanyuka. Nikapangusa changarawe kwenye buibui. Nikamwambia aijaze, na risasi zake khasa, zile nene.

Alinitazama, kisha akatia moja hafifu. Hakuwa mtu wa kuchezewa hatua. Nikaipiga. Akatia nyingine. Niliporudi siku zilizofuata ndipo tukapanda polepole, mpaka ikafika siku akaijaza zote tano, zile nene, akasogea nyuma yangu. Nikavuta pumzi, nikasema moyoni, njoo. Ikaja. Teke likapanda hadi begani. Njoo. Ikaja. Zote tano nilizipiga macho wazi. Moja tu ndiyo iliyopiga karatasi penye maana, ya pili ilikata pembe, tatu Mungu ndiye ajuaye ziliko. Shemeji alipiga makofi kama nimechukua kombe la dunia.

Jioni ile nilimpigia simu baba wa bi harusi mimi mwenyewe. Nikamshukuru kwa hisani yake, nikamwambia, "Pigeni. Msimnyime mwanangu."

Tulipofika kule, mistari imepangwa, baba wa bi harusi alinitafuta kwa macho kwanza. Nikatikisa kichwa kumwashiria ndiyo. Zikalia. Nisiwadanganye: jasho lilinitoka hadi buibui likanigandama, na mkono wa binti yangu niliuminya akapata alama. Lakini nilibaki nimesimama, na niliingia na mwanangu.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru shemeji yangu, na daktari aliyekubali asichokipenda. Mwalimu wangu, kila nikimshukuru hujibu kwa kunionyesha karatasi yenye matundu mabaya. Na yule wa Tanga, aliyeingia motoni akiniita mama. Nilimfuata alikokuwa nikamwomba msamaha kwa kumwachisha, naye akaniuliza tu tunafungua lini.

Siwaambii mkanunue bastola, msije mkaniponza kwa waume zenu. Nnachowaambia ni hiki: msiwaache watu wakaondoa kila kinachowatisha, hata wakifanya kwa mapenzi. Kichagueni kimoja, tafuteni mtu anayekijua vizuri, mkiendee hatua kwa hatua, ninyi wenyewe.

Yupo mmoja humu, simtaji, anajijua. Ameniambia tangu aungue hajawasha jiko, chai huletewa na jirani. Basi mpenzi, kesho asubuhi nnakuja kwako, na majani ya chai nnakuja nayo. Mie ntakaa hapo karibu yako, sitakushika mkono. Kiberiti utakiwasha wewe.