Unga wa Kumaliza Kitambi

Ndani ya basi, muuza virutubisho alisimama kando ya kiti cha fundi cherehani, kopo la unga mkononi. “Hizi amino asidi, mzee wangu, ni vipande vya protini. Ukizinywa, mwili unachoma mafuta hata ukilala. Mimi mwaka wa pili huu, kitambi nimekisahau.”

Fundi akalipokea kopo. Mke wake alishaambiwa na daktari apunguze uzito. Muuzaji akageuka kumpisha abiria.

“Mwanangu,” fundi akamwambia, “suruali yako imefumuliwa nyuma, ikaongezwa upana mara mbili. Matundu ya sindano haya hapa.”

“Hiyo ni misuli, mzee.”

“Mbona inatikisika basi likiingia shimoni?”

Mimi, niliyeketi kando ya fundi, nilitazama dirishani, kwa adabu. Basi likasimama. Muuzaji akachukua kopo lake, akatuaga mmoja mmoja, akashuka kinyumenyume.