Tumbo la Baraka na Neno Nililomwambia Dada Riziki

Jina la Yesu liinuliwe, ndugu zangu! Wanaonifahamu wanajua mimi si mtu wa kushika maiki. Mimi ni wa kukaa benchi la nyuma na kuondoka kabla ya matangazo. Lakini mdomo huu ulikosa mbele ya watu, na mbele ya watu lazima utubu.

Mwanangu Baraka alizaliwa hapa Durban. Mume wangu alikuwa analinda magari ya watu nje ya maduka pale Overport, mimi sijui Kizulu wala Kiingereza. Kwetu Uvira, mtoto akifikisha miezi sita, bibi yake ndiye anayemwonjesha chakula cha kwanza. Mama yangu tulipotezana tulipokimbia vita mwaka wa tisini na sita, na mpaka leo sijui kama yu hai. Baraka alipofikisha miezi hiyo, wamama wa kanisa hili mkaniambia nisilie, nyinyi nyote ni bibi zake.

Na kweli mkaja! Jumatatu uji wa soya na karanga. Jumanne uji wa ulezi, kutoka kwa dada wa Kigoma. Jumatano ndizi ya kupondwa na mawese, kesho yake boga, Ijumaa unga wa dagaa ndani ya maziwa ya ng'ombe. Ningemkatalia nani? Kukataa chakula cha mtu ni kumdharau, na nyinyi ndio ndugu pekee niliobaki nao.

Wiki ya pili tumbo lilifunguka. Mtoto aliharisha maji matupu, akatapika, tumbo likajaa gesi likawa gumu. Mkasikia, mkanihurumia, kila mmoja akaleta uji mwingine wa kutuliza tumbo. Nikampa wote. Nikafunga siku tatu bila kula wala kunywa ili Mungu anisikie, na maziwa yangu nayo yakapungua. Ndugu zangu, nilimwona mwanangu akiisha. Alilia bila machozi. Nepi ilikaa kavu tangu asubuhi hadi mchana. Niliomba mpaka nikakosa maneno, kisha nikaanza kumlaumu Mungu. Nilimuuliza kwa nini alinivusha nchi zote zile, kama alitaka nije nimzike mtoto mahali ambapo hata kaburi lake sitaweza kulieleza kwa mtu wa kwetu. Hakunijibu. Sikuwa na tumaini lolote, nisiwadanganye.

Mtu aliyekata tamaa hutafuta wa kumlaumu. Mimi nilimpata Dada Riziki, msusi wa nywele, mnamjua. Mtoto wake alifia njiani tukikimbia, na ndiye aliyeleta uji ule wa kwanza wa Jumatatu. Nikajiambia ananionea wivu, amemroga. Jumapili ile, hapo mlangoni, alipomshika Baraka nilimnyang'anya nikamwambia, "Wako alikufa, sasa unataka na wangu."

Wengi mlisikia. Yeye aliokota mkoba wake akaenda zake.

Jumatano Baraka alilegea, macho yameingia ndani, nikimwita hageuki. Mume wangu yuko kazini. Kliniki naijua, lakini nitasema nini, kwa lugha gani? Katika watu wote niliowajua, aliyekuwa anaongea Kizulu vizuri na yuko karibu alikuwa mmoja tu. Nilikwenda saluni kwake nikijua akinifukuza nimestahili. Dada Riziki alimtazama mtoto mara moja tu. Akamwacha mteja na kichwa nusu kimesukwa, akampokea Baraka mikononi mwangu, na safari hii nilimwachia.

Kliniki, sista, yaani nesi, aliuliza mtoto amekula nini wiki hii. Nikaanza kutaja, Dada Riziki akitafsiri. Nikataja, nikataja. Sista akaweka kalamu chini. Akasema neno, na Dada Riziki akanigeukia taratibu.

"Anasema mtoto iko na tumbo moja tu, na siye tuko wamama wengi."

Ndugu zangu, hakukuwa na mchawi! Ilikuwa upendo wetu, wote kwa wakati mmoja. Sista alituchanganyia maji safi yenye sukari na chumvi ya kipimo, tukamnywesha kijiko kwa kijiko. Mkono wangu ulipochoka, Dada Riziki alishika kijiko. Alasiri Baraka alikojoa kwenye gauni lake, na yule mama aliyemzika wa kwake akalia kwa sauti. Hapo ndipo nilipopiga magoti sakafuni nikamwomba msamaha.

Sista alituagiza nile vizuri, ninyonyeshe mara kwa mara, na tumbo likitulia nianze chakula kimoja tu, laini, nikae nacho siku kadhaa nikiangalia, ndipo niongeze kingine. Nimefanya hivyo. Asante Yesu, nilikusingizia kuwa umenyamaza, kumbe ulikuwa umeniwekea msaada kwa mtu niliyemtukana.

Wewe uliyekata tamaa, mtumaini Mungu, na mtoto akiharisha mkimbize kliniki, usisubiri kama mimi. Unga wenu leteni, nitaupokea wote, nitauweka kabatini usubiri zamu yake. Kwetu bibi ndiye anayeonjesha. Kijiko cha kwanza baada ya ugonjwa nilimpa Dada Riziki ashike. Dada, simama na mjukuu wako, kanisa limwone.