Nani Alikuwa Anapika? Maisha ya Mwalimu Marcelline Masika, 1958–2025

Katika filamu ya mwisho ya vita uliyoitazama, nani alikuwa anapika? Msitazamane, kila mtu ajijibu mwenyewe. Swali hili ni la marehemu, na wengi mlioketi humu mmeshaulizwa naye, kwenye lifti, kwenye foleni ya duka la spaza, hata mlangoni pa kanisa hili mchungaji akiwa amesimama pembeni, kwa hiyo familia imeona si haki kuanza historia yake kwa neno lingine lolote.

Mwalimu Marcelline Masika alizaliwa tarehe 17 Machi 1958 mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, katika nyumba ya wakulima wa kahawa, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya ualimu hadi 1976, na Septemba mwaka uliofuata akaanza kufundisha historia mjini humohumo, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili bila kuchelewa kengele hata siku moja, kama alivyokuwa akitukumbusha kila tulipochelewa sisi. Tarehe 11 Julai 1981 alifunga ndoa na Ruphin, fundi wa kushona nguo, wakajaliwa watoto wawili, André aliyezaliwa mwaka 1983, na Denise aliyezaliwa Mei 1985, ambaye ndiye anayewasomea, na kwa kuwa karatasi hii inamtaja kila mtu kwa jina lake, naye atatajwa hivyohivyo.

Mwezi wa Februari 1999, kutokana na hali ya usalama, marehemu alisafiri kwa wiki kumi na moja, kisha akarejea nyumbani, na mwezi wa Oktoba familia ikaanza safari ndefu iliyoishia Johannesburg, Januari mwaka 2000. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa ikisemwa siku zote.

Hapa Joubert Park, ghorofa ya saba, vyeti vyake vya ualimu havikumtambulisha kwa mtu yeyote, akakaa kwenye cherehani ya pili kando ya mumewe, wakashona sare za shule ambazo yeye hakuruhusiwa kuingia kufundisha, na baada ya mzee Ruphin kutuacha tarehe 9 Agosti 2011 aliendelea kushona peke yake, redio ikiwa imewashwa, akibishana na watangazaji.

Ualimu ulimrudia mwaka 2020. Shule zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa, mjukuu wake Shekinah, binti wa Denise, alikuwa na miaka kumi na moja na pumu iliyotutisha wote, na zilipofunguliwa Denise hakumrudisha, akaamua mtoto asomee nyumbani, kwa Koko, yaani bibi yake. Ndipo Denise, ambaye chuoni Braamfontein huwafundisha wanafunzi kuthamini ushuhuda wa watu wa kawaida, akaja na orodha aliyopewa na mwenzake wa kazi, vitabu na filamu arobaini na mbili kuhusu vita vikuu vya dunia, akiamini amemaliza kazi. Marehemu alisoma na kutazama zote, miezi miwili, kamusi magotini, kisha akamrudishia.

"Denise, vitabu yote hii ni ya wakubwa wa vita," alisema. "Ile jeshi yote ilikula nini?"

Akabakiza vitano. Vilivyosalia alivitafuta mwenyewe kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, akichagua viwiliviwili, kimoja cha mtu aliyepiga risasi na kimoja cha mtu aliyebeba, na mapigano ya Tabora ya mwaka 1916, kwa mfano, Shekinah hakuruhusiwa kuyafungua upande wa maofisa kabla hajasoma juu ya wapagazi. Ndani ya kila jalada alibandika karatasi ya njano yenye swali moja, lile mlilolisikia mwanzoni. Alimpandisha mtoto basi hadi Soweto akamsikilize mzee ambaye baba yake alipelekwa vita vya pili na mkuki mkononi, kwa sababu askari weusi wa nchi hii walinyimwa bunduki, na mtoto aliporudi aliandika kurasa tisa.

Filamu zilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, na jirani yetu Mama Mayasa, mtu wa Tanga, alikuwa hakosi, na hakuwa akinyamaza. "Hawa watu siku ya tatu wanapigana, hata chai hawajanywa? Mie ningeshajisalimisha!" Shekinah naye, ambaye Kiswahili alikisikia tu na majibu yake yalikuwa Kiingereza au Kizulu, alilazimishwa na filamu hizo kubishana kwa lugha ya nyumbani. "Eish, Koko, wanapigana tu, jiko hakuna." Koko hakukubali. Katika filamu moja ya marubani, nyuma kabisa, anapita mtu mweusi na sinia la vikombe, sekunde mbili, basi, waliirudisha nyuma mara nne, na mtoto akaambiwa aandike kurasa mbili juu ya mtu huyo, ametoka wapi, nani anamngoja, na vikombe vile nani ataviosha.

Orodha ya marehemu ilikuwa na vitu kumi na viwili, na cha kumi na mbili hakikuwa cha kununua. Lilikuwa daftari, au kaye kama alivyoliita, kurasa sitini na nne za kalamu ya bluu, alizoziandika mwenyewe mwaka 2022 akiwa amefunga mlango, na juu ya jalada aliandika, "Ya Shekinah, akimaliza zote zingine." Mtoto alimaliza kitu cha kumi na moja mwezi Machi 2023. Siku hiyo marehemu alifungua droo ya cherehani na kaye haikuwemo.

Aliitafuta wiki nzima. Alifumua mito, akateremsha masanduku ya vitambaa, akagonga kwa Mama Mayasa kuuliza kama aliisahau huko, na Denise alipiga magoti sakafuni pamoja naye, akamulika chini ya kitanda kwa tochi ya simu. Haikuonekana. Marehemu hakumlaumu mtu, alijilaumu mwenyewe. Daktari alimpa mtihani wa kuchora saa na kutaja miezi kinyumenyume, akapata yote, lakini hakuamini majibu, na mwezi wa Mei alivua miwani, akaiweka juu ya vitabu. "Mtoto asifundishwe na kichwa yenye kupoteza vitu," alisema, na Shekinah alipolia akamwambia aende akalie akiwa anasoma.

Shekinah alirudi shuleni. Marehemu alianza kuandika kwenye vipande vya karatasi ya njano mahali alipoweka ufunguo, chumvi, Biblia, na miaka miwili hiyo hakutazama filamu tena. Presha ilimpanda, kiharusi cha kwanza kikaja Novemba 2024, cha pili tarehe 2 Juni 2025, na Jumanne ya tarehe 10 Juni, saa nne asubuhi, akatuacha, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa ghorofa ya saba, hasa Mama Mayasa aliyemlisha uji kwa mkono wake, wafanyakazi wenzake Denise, kanisa hili, na kaka yetu André aliyesafiri siku tatu kwa barabara kufika. Mwalimu, kengele imelia, kaa chini sasa, wengine wataosha vyombo.

Karatasi inaishia hapo, lakini mimi sijamaliza. Mama hakusafiri mwaka 1999. Wanajeshi waliingia uani kutaka msichana wa kuwapikia na kuwabebea mizigo, wakaninyooshea kidole mimi, nikiwa na miaka kumi na tatu, na mama akasimama mbele yangu akasema, "Huyu hata bugali hajue kusonga, mubebe mimi." Nilijua kusonga, nilikuwa nasonga kila siku. Nilinyamaza, na wakamchukua. Hayo yako katika ukurasa wa nne wa ile kaye, na nilipoyasoma nikaona siwezi kuvumilia mwanangu ayajue. Shekinah, mama yangu, njoo hapa mbele, kaye yako iko kwenye mkoba huu. Koko hakuipoteza, na kichwa chake hakikuwa na kosa lolote. Niliichukua mimi, nikashika tochi, nikamsaidia kuitafuta.