MaTshuma Ashusha Kamera

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 2024, Bi. Sikhangezile Tshuma, ambaye hapa ukumbini Insika hakuna anayemwita vingine ila MaTshuma, anastaafu baada ya kulitumikia jumba letu la michezo kwa miaka thelathini na mitano. Karibu kila mchezo uliopanda jukwaani tangu mwaka 1989 umepita mbele ya kamera yake. Tukiacha onyesho lake la kwanza, hakuna mtazamaji wala mwigizaji aliyewahi kulalamika kwamba alimsumbua. Waliolalamika ni sisi wa taa, kwa sababu balbu ikianza kufifia yeye huijua kabla yetu, na hatupumui mpaka tumeibadilisha.

Alitoka studio ya picha za vitambulisho hapa Bulawayo mjini, alikozoea watu waliokaa wima na kutazama mbele. Kazi yake ya kwanza kwetu ilikuwa mchezo wa mchimba madini aliyerudi nyumbani kutoka Johannesburg baada ya miaka mingi. Mchimbaji huyo aliigizwa na marehemu Velaphi Dube. Mchimbaji alikuwa akishuka ngazi gizani, akimwendea mkewe, pale MaTshuma alipofyatua flashi. Dube hakuona ngazi ya mwisho. Aliteguka kifundo cha mguu na kumaliza mchezo akiwa amekaa kwenye kigoda, na watazamaji wakadhani ndivyo ulivyoandikwa.

Nyuma ya pazia, Dube hakupandisha sauti. “Binti, miezi miwili namtafuta yule mchimbaji,” alimwambia. “Leo kaja mwenyewe, kasimama ndani yangu. Wewe ukampiga radi, akakimbia.”

“Samahani, baba. Bila flashi sipati kitu. Mle ndani giza.”

“Mbona sisi tunaonana?”

Swali hilo, MaTshuma husema, ndilo lililomfundisha kazi. Mkurugenzi wetu, Bw. Babusi Moyo, alimwamuru ahudhurie mazoezi mwezi mzima bila kamera. Akakaa, akatazama. Akagundua kwamba mwigizaji, hata akiwa amefura kwa hasira, ana mahali mwili wake unapotua: pumzi inapoisha, kabla kichwa hakijageuka. Hapo ndipo kamera, ambayo gizani hulazimika kufumbua jicho lake taratibu, humpata mtu bila kumtia ukungu. Aliporudishiwa kamera alikuwa amekwisha kuchagua nguzo yake ya kuegemea. Alibana viwiko mbavuni, akatoa pumzi nusu, akabonyeza. Flashi aliiuza.

Ili mlio wa kamera usisikike, aliishonea mfuko wa blanketi la kubebea mtoto na kuipakata. Bibi mmoja aliyekaa jirani naye alimsifu wakati wa mapumziko: “Mwanangu, una mtoto mwenye adabu. Tangu tukae hajalia hata mara moja.” MaTshuma akamjibu kwa neno letu la kumwita bibi, “Ahsante, gogo. Hajalala lakini, anatazama mchezo.” Tangu siku hiyo kamera ile sote tunaiita Mtoto.

Msomaji asidhani kwamba tunamuaga malaika. Picha zake zilichelewa kufika ofisini, na gazeti likiomba kumi yeye alitoa moja. Mheshimiwa diwani aliyewasha tochi ya simu katikati ya mchezo atakumbuka alichoambiwa: “Baba, mwezi wetu uko jukwaani. Huo wako uzime.” Nami nilipoajiriwa kuwa fundi wa taa, nikajitolea kumwongezea mwanga kidogo ili picha zing’ae, alinitazama kama mtu aliyetia sukari kwenye amacimbi, viwavi wetu wa kukaanga. “Mthulisi, watu wamelipa kuona usiku,” akasema. “Wewe unataka kuwaonyesha mchana?”

Lakini kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kumsifu, ningechagua picha ambayo hakuipiga.

Mwaka 2011 Dube, sasa mzee wa miaka sabini na ushei, aliamua kuaga jukwaa kwa mchezo uleule wa mchimbaji. Ukumbi ulifurika. Tamasha moja kubwa la nje lilikuwa limeomba picha yake, na mkurugenzi alikuwa na matumaini kwamba picha hiyo ingetufungulia milango, maana mwaka ule hali ya jumba ilikuwa mbaya. Kilele cha mchezo kilikuwa pale mchimbaji anapokaa na mkewe kwenye taa ya mafuta, akimsimulia siku mgodi ulipowaangukia.

Alianza vizuri. Kisha akanyamaza. Mimi kwenye chumba cha taa nilidhani anavuta pumzi, mpaka nilipoona mkono wake ukipapasa goti. Maneno yalikuwa yamemtoka. Uso wake ulikuwa umeelekea nguzo ya MaTshuma, mdomo wazi, macho yakitafuta, na mwanga wa taa ile moja ukimwangukia shavuni. Kwa mpiga picha, uso wa namna ile hauji mara mbili. MaTshuma alikuwa amekwisha kuinua kamera. Akaishusha, akailaza mapajani, akaifunika kwa viganja.

Aliyemwokoa mzee ni Bi. Nomathemba Gumede, aliyeigiza mke. Alimshika mkono na kumuuliza taratibu, “Baba watoto, ulisema mwamba ulilia?” Dube akaipata njia, akaendelea. Ukumbi haukujua lolote.

Baada ya onyesho mkurugenzi alimjia mbio. “Umeipata ile? Pale aliponyamaza?”

“Sikuipiga.”

“Kamera imeharibika?”

“Kamera ni nzima.”

“Sasa MaTshuma, kwa nini?”

“Yule hakuwa mchimbaji, Bwana Moyo. Alikuwa Baba Dube, amepotea. Mtu akipotea humpigi picha, unamngoja.”

Mkurugenzi alikasirika, na wengi wetu tulimwona ana haki. Tamasha halikupata picha. Kwa muda wawili hao walisalimiana kwa kichwa tu. MaTshuma mwenyewe hakujiona shujaa. Siku moja tukinywa amahewu, togwa yetu ya mahindi, kwenye ngazi za nyuma aliniambia, “Huenda nimekosea, Mthulisi. Mzee ameondoka jukwaani, na picha ya mwisho sina.”

Habari zilimfikia Dube. Alasiri moja akaingia ukumbini amevaa suti, ameshikwa mkono na binti yake. “MaTshuma,” alisema, “nasikia nina deni la uso kwako.”

“Sikudai kitu, baba.”

“Najua. Ndiyo maana nimekuja.”

Akaniomba taa ya mafuta, nyingine zote nizime. Nomathemba, ambaye pia hutushonea mavazi ya jukwaani, aliitwa kutoka kwenye cherehani yake, akaja na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Ukumbi ukiwa mtupu, Dube alicheza kilele kile kuanzia mwanzo, akimchezea mtu mmoja aliyeegemea nguzo. Sijawahi kumwona akicheza vile. Alipomaliza akauliza, “Nimesahau mahali?”

“Hukusahau neno, baba,” alijibu MaTshuma.

Mzee alikuwa ameruka kipande kizima, nasi sote tulijua.

Picha ya alasiri ile ndiyo inayowapokea wageni pale mlangoni: shavu moja la mzee, mkono wa mkewe ukitokea gizani, na macho ya mtu anayeuona mwamba ukishuka. Tamasha lililipenda jumba letu kwa picha hiyo mwaka uliofuata, na likatualika. Bw. Moyo aliitundika kwa mikono yake, akamwambia MaTshuma mbele ya wafanyakazi wote, “Mimi ningeipata ile ya kwanza, nikamkosa mzee.” Dube alipofariki, wajukuu wake waliibeba picha hiyo mbele ya jeneza.

Nafasi ya MaTshuma inashikwa na Bi. Lungile Sithole, ambaye amemfunza mwenyewe. Nguzo amekwisha kukabidhiwa. Mtoto anaondoka na mama yake.

Jumatatu, kwenye chai, tulimwuliza atafanya nini akipumzika. Tulitarajia atataja kuku wake wa kijijini Ntabazinduna. Akasema, “Nitanunua tiketi ya kichekesho, nikae katikati ya watu, nicheke.” Ndipo tulipojua kwamba kwa miaka yote hii, kwenye michezo yote iliyotuvunja mbavu, yeye hajawahi kucheka humu ndani, kwa sababu anayecheka hutikisa kamera.

Ahsante, MaTshuma, kwa macho yako na kwa subira yako. Jumamosi hii tunacheza kichekesho; kiti chako kipo safu ya nne, katikati, na tiketi hutauziwa na mtu. Nenda salama, uishi vyema, na siku hiyo ucheke mpaka sisi wa taa tukusikie.

Mthulisi Nyoni, fundi wa taa